Makopo Kumi na Moja ya Bibi

Bibi yangu alikuwa mwizi. Naanza na hilo kwa sababu nimekwisha kulisema mbele ya kanisa zima, na jambo lililosemwa kanisani halina haja ya kunong'onezwa kwenye karatasi.

Hakuiba pesa, wala kuku, wala mume wa mtu. Aliiba vijiti. Akienda kumjulia hali mgonjwa, au kumpongeza mzazi, au kwenye maombi ya Alhamisi yanayozunguka nyumba kwa nyumba, jicho lake moja lilikuwa kwa Mungu na la pili kwenye maua ya mwenye nyumba. Wakati wa kuagana alikuwa wa mwisho kutoka, akijifanya anatafuta viatu. Ukucha wa kidole gumba cha kulia aliuacha mrefu kwa kazi hiyo tu, na kijiti kikishakatwa kilikwenda moja kwa moja ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Kitabu kile kilikuwa na madoa ya kijani tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Waliokaa karibu naye walisema, tazama kitabu cha mama wa watu kilivyochakaa kwa kuimba. Na kuimba aliimba kweli, tena kwa sauti ya kumwamsha aliyesinzia benchi la nyuma.

Imani yake ilikuwa kwamba mche wa kuomba hununa na mche wa kuiba hushika. Sijui aliitoa wapi. Mchungaji hakuwahi kuihubiri.

Nilikwenda kukaa naye nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimeugua kifua karibu mwaka mzima, na niliporudi shule wenzangu walikuwa wamesonga mbele, mimi nikawekwa na wadogo, mrefu peke yangu kama mlingoti. Siku ya tatu mwalimu alinisimamisha nisome. Maneno niliyaona, lakini hayakutoka. Darasa likacheka. Nikabeba mfuko wangu nikaondoka saa nne asubuhi, na huo ndio ukawa mwisho wa darasa la tano. Baba aligomba wiki nzima. Bibi akaja akamwambia kwamba kama shule imemshinda mtoto, yeye mtoto hajamshinda, na kwamba magoti yake yamegoma kuinama, na maua nayo hayana tabia ya kumfuata mtu kitini.

Mbele ya watu aliniita Kimya. Tukiwa wawili aliniita mke mwenza. Mke mwenza, fagia vizuri, mume wetu akirudi atatucheka. Mume mwenyewe ni babu, aliyekufa kabla sijazaliwa.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika. Bibi alisoma herufi kubwa, taratibu, lakini kuandika hakujifunza. Kila kijiti kipya kilipandwa kwenye kopo: makopo ya maziwa, ya rangi, na moja la biskuti lenye picha ya farasi. Mimi nilikata kibao kutoka kwenye ndoo nyeupe iliyopasuka, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito jina la aliyeibiwa. Siyo jina la ua, jina la mtu. Bibi alisimama nyuma yangu akikagua herufi kama mkuu wa shule, kisha alikichomeka kibao kikitazama ukuta wa jikoni, ili mgeni akipita asione kitu.

Mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini tunajiandikia ushahidi wenyewe.

"Nimwibie mtu, halafu nisimwombee?" alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi kabla ya chai alipita kwenye makopo na mkebe wake uliotobolewa kwa msumari, akinyunyiza na kusema. Bwana, mkumbuke Nesi na mgongo wake, na mimi unisamehe yungiyungi lake. Bwana, mpe Mwalimu wa Kwaya sauti, maana Jumapili ilimkwama, na huu mshubiri wake unakwenda vizuri, asante. Alikuwa anaongea na Mungu kama jirani anayekaa upande wa pili wa ukuta. Nilipojifunza kuvigeuza vibao na kumsomea majina, alipumzisha macho. Kwa hiyo naweza kusema kwamba baada ya darasa la tano nilisoma kila siku, kwa sauti, na hakuna aliyecheka.

Miche ile aliiita wapangaji. Alisema wanakaa koponi kwa kuwa kwao si hapa, na iko siku kila mmoja atarudi kwa mwenyewe, tena akiwa na watoto. Siku hiyo haikuwa na tarehe. Ardhini, ukiacha mchicha na nyanya za mbegu ya dukani, palikuwa na ua moja tu: mwaridi mwekundu wa mlangoni, uliopita dirisha kwa urefu. Huo hakuuiba. Alipewa na Bibi Mwavuli zamani sana, hata mtoaji mwenyewe alikwisha kusahau, na kati ya vijiti vyote alivyowahi kupewa maishani, ni hicho tu kilichokubali kushika. Kwenye mwaridi huo alikata maua ya madhabahuni kila Jumapili.

Bibi Mwavuli alikuwa rafiki yake. Alipanga chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha mikate, mahali pasipo na udongo wa kuzika hata sindano. Jina hilo alilipata kwa mwavuli mweusi aliotembea nao jua na mvua, ubavu mmoja wa mwavuli ukiwa umevunjika na kufungwa kwa uzi. Jumapili alimpitia Bibi, akamshikia mwavuli njia nzima, kwa sababu mikono ya Bibi ilijaa maua. Waligombana tangu mlangoni mpaka kanisani. Mmoja anatembea kama kobe, mwingine anakimbilia nini, mbinguni hakufungwi saa tatu. Wakifika walikaa benchi la tatu, upande wa kushoto, bega kwa bega, kwa miaka thelathini na moja.

Mtu angeuliza ilikuwaje rafiki wa miaka yote hiyo asijue habari za wizi. Sababu ni kwamba Bibi Mwavuli alikuwa mtu aliyewahi kurudi dukani kwenye mvua kurudisha kiberiti kimoja kilichozidi. Bibi alimwogopa Mungu na alimwogopa Bibi Mwavuli, na kwa habari ya vijiti, Mungu ndiye aliyekuwa mwepesi zaidi.

Bibi alifariki Jumanne asubuhi. Alikuwa amefika kopo la sita. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya jikoni, mkebe mapajani, maji yanamdondokea miguuni pole pole, uso wake kama mtu anayengojea kujibiwa. Watu walipokuja kumchukua, mimi nilimalizia makopo matano yaliyobaki. Sikujua la kufanya jingine.

Wiki tatu baadaye Shangazi, dada yake baba, alikuja kupanga nyumba. Shangazi ni karani wa ofisi ya ardhi, na karani akiona jina juu ya kitu, anajua kitu kina mwenyewe. Nilikuwa kisimani. Niliporudi na ndoo kichwani nilimkuta amechuchumaa ukutani, amegeuza vibao vyote kumi na kimoja, machozi yanamtiririka.

"Mama ameacha wosia," aliniambia. "Tazama. Kila mtu na chake."

Nikasema, Shangazi, siyo hivyo, lakini nilisema kwa sauti yangu ile, na yeye alikuwa ameshanikumbatia na ndoo yangu ikamwagika, tukaanza kukimbizana na maji. Baada ya hapo nafasi ilipita. Mtu mwenye haya anajua jambo hili. Neno lina dakika yake, na ukilikosa linakuwa kubwa, halitoki tena mdomoni. Jioni ile Mama Mchungaji aliambiwa. Jumapili likatangazwa kanisani pamoja na matangazo ya ndoa.

Jumamosi wakaja. Mama Mchungaji alipewa asumini yake, akaibusu. Nesi alikumbatia kopo la yungiyungi kama mtoto aliyetoka kuzaliwa, akasema hajui alimtendea nini marehemu hata akumbukwe hivi. Mwalimu wa Kwaya aliondoka na mshubiri kifuani, hatua zake za gwaride. Wote walilia kidogo na wote walifurahi, na mimi nilizunguka na birika la chai nikitazama chini, maana kila aliyenishukuru nilimwona kama ananisuta.

Wa mwisho alikuja Bibi Mwavuli. Yalikuwa yamebaki makopo manne. Alivaa miwani, akainama kwenye kila kibao, akasoma, akaenda kwenye kinachofuata. Alipomaliza alirudia upya, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Shangazi alianza kukohoa. Bibi Mwavuli akavua miwani.

"Labda langu lilikauka," alisema, akafungua mwavuli, akaondoka bila chai.

Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na watoto wanaotolewa nje wakilia. Jumapili ya pili hakuja. Nilipeleka mawaridi madhabahuni, nikakaa peke yangu benchi la tatu, na nafasi mbili zikawa wazi badala ya moja.

Jumatatu nilikwenda kwake. Nilijisemesha njia nzima, kama mtoto aliyetumwa chumvi. Nilimkuta anachambua dengu kwenye sinia juu ya kitanda, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, na akanipa mimi hicho kiti. Aliniambia ni magoti, kanisa limekuwa mbali. Nikasema kanisa liko palepale. Akachambua kwanza.

"Miaka thelathini na moja nimemshikia mwavuli," alisema bila kuinua macho. "Mimi nalowa bega hili, yeye mkavu. Hata kopo la maziwa, mjukuu wangu? Nesi alihamia hapa juzi tu."

Nikamwambia. Lilitoka vibaya na kwa vipande, lakini lilitoka: kwamba majina yale siyo ya waliopewa, ni ya walioibiwa, kwamba Bibi alikuwa anakata vijiti kwenye nyumba za watu na kuvificha kwenye kitabu cha nyimbo. Bibi Mwavuli akaweka sinia chini.

"Nimesikitika, mtoto, sijawa mjinga," alisema. "Usimchafue marehemu ili mimi nipate usingizi. Bibi yako alikuwa mzee wa kanisa. Aibe?"

Hakunifukuza. Alinifungia dengu kidogo kwenye karatasi. Lakini nilipotoka, nilisikia komeo likifungwa, saa tisa mchana.

Ndipo nilipoelewa kwamba nikisema peke yangu haitoshi. Walioibiwa wenyewe ndio wangeweza kuyatambua maua yao. Na ibada ya kumkumbuka Bibi ilikuwa Jumapili inayokuja. Mama Mchungaji alikuwa amewaomba watu waje na makopo yao, yapangwe mbele badala ya mashada.

Usiku haukufika kabla sijamwambia Shangazi. Alikuwa anapiga pasi gauni la ibada. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoa pasi kwenye nguo, akaisimamisha, akakaa. Aliniuliza nani mwingine anajua. Kisha akaniambia, taratibu sana, kwamba mama yake alikuwa mzee wa kanisa miaka kumi na miwili, kwamba wajukuu wake wote walibatizwa pale, kwamba jina ndiyo mali pekee aliyoiacha. Wosia ule umewafurahisha watu. Kwa nini tuwanyang'anye? Bibi Mwavuli tutamnunulia ua zuri sokoni, tutamwandikia kibao.

"Atajua," nikasema. "Mwandiko ni wangu."

"Basi uandike vizuri."

Nikamwambia sitaki yeye aseme, nitasema mimi. Shangazi akanitazama, na hasira yake yote ikageuka kicheko, akashindwa kukizuia.

"Wewe? Wewe ambaye salamu yako ya asubuhi tunaisikia jioni?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Kwenye ratiba niliandikiwa dakika mbili za kutoa shukrani, na hata hizo baba aliziweka kwa heshima tu, akijua nitainama na kukaa.

Siku zilizofuata nilifanya kazi za bustani. Wakati mwingine niliona Shangazi ana haki. Bibi hawezi kujitetea. Nikisema, jina lake litakwenda wapi? Watu wamheshimu mtu miaka yote, halafu mjukuu aliyelelewa bure asimame amwite mwizi. Wakati mwingine nilimwona Bibi Mwavuli anasoma vibao kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ijumaa nilipitisha karatasi chini ya mlango wake. Niliandika: Njoo Jumapili. Kaa popote. Maua ni ya mlangoni.

Jumapili kanisa lilijaa. Makopo kumi na moja yalipangwa kwenye ngazi ya madhabahu, vibao vikitazama watu, na juu ya meza kulikuwa na mtungi wa mawaridi mekundu. Shangazi alisoma wasifu wa Bibi: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alizaa watoto watano, alihudumu. Kila neno lilikuwa kweli, na Bibi hakuwemo hata kidogo. Niligeuka. Kwenye benchi la mwisho, kando ya mlango, niliona ncha ya mwavuli.

Walipoliita jina langu nilikwenda mbele. Niliwatazama wote, na ikawa ile ile ya darasa la tano, maneno nayaona na hayatoki. Mtu mmoja akakohoa. Baba akaanza kuinuka kunisaidia. Basi nikafanya nilichokuwa nafanya kila asubuhi. Nilikwenda kwenye kopo la kwanza, nikainama, nikasoma kibao.

"Nesi," nikasema. "Bwana, mkumbuke Nesi na mgongo wake, na mimi unisamehe yungiyungi lake."

Sauti yangu ilisikika. Nikaenda la pili. "Mwalimu wa Kwaya. Bwana, mpe sauti, na unisamehe mshubiri wake." La tatu. "Mama Mchungaji. Bwana, mpe uvumilivu na yule mzee tuliyepewa atuhubirie, na unisamehe asumini yake."

Mchungaji aliangalia dari. Nilisoma yote kumi na moja, na kila mtu na sala yake, maana nilizijua kama ninavyojua mikono yangu. Nikawaambia kwamba Bibi hakununua hata ua moja kati ya haya. Aliyakata kwenu, mkiwa mnaaga wageni, akayaficha kwenye kitabu cha nyimbo. Majina yale niliyaandika mimi, ili asimsahau mtu yeyote aliyemwibia. Alisema iko siku yatarudi kwenu. Shangazi ameyarudisha bila kujua. Kama mnaona si kweli, nikasema, yatazameni.

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kofia yake ikatazama watu. Nilifikiri, basi, nimemaliza, nimemzika Bibi mara ya pili.

Nesi aliinuka polepole, mkono kiunoni, akaja mpaka kwenye kopo lake. Alilifunua jani, akalitazama mgongoni, penye mstari wa zambarau.

"Mimi nilisema ni mbuzi," alisema. Kisha akawageukia watu. "Miaka mitatu sisalimiani na mtu kwa ajili ya mbuzi."

Mwenye mbuzi alikuwa Mwalimu wa Kwaya. Alisimama, akainamisha kichwa kwa heshima zote, akasema kwamba kwa niaba ya mbuzi, wamesamehe.

Hapo kanisa likapasuka. Sijawahi kusikia kicheko namna ile mahali penye msalaba. Mmoja alijipiga mapajani, mwingine alimwegemea asiyemjua. Mama Mchungaji alijaribu kubaki na uso wa mke wa mchungaji, akashindwa, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Alisema anaomba kutubu. Asumini ile yeye mwenyewe aliikata kwa marehemu, siku ya maombi, akaificha kwenye mkoba, na alipoona ya marehemu imekauka mwaka uliofuata hakuthubutu kumpa kijiti, asije akaulizwa alikipata wapi. Kumbe mwenyewe alijihudumia. Mtu akauliza kwa hiyo asumini ilitoka kwa nani mwanzoni. Wanawake wawili upande wa kulia walitazamana.

Kicheko kilipopungua, sauti ilitoka nyuma.

"Na mimi?"

Watu waligeuka. Bibi Mwavuli alikuwa amesimama, mikono yote miwili juu ya mwavuli.

"Wewe hukuibiwa, Bibi," nikasema, na safari hii sikulazimika kutafuta maneno. "Wewe ulitoa. Vya kuiba alivipanga koponi. Cha kwako alikipanda ardhini, mlangoni, mahali anapopita. Mwaridi huu ni wako. Kila Jumapili iliyopita tulikuwa tunatazama ua lako hapa mbele, wote, na wewe ukiwa umemshikia mwavuli."

Alitoka kwenye benchi, akatembea katikati ya kanisa, mwavuli ukigonga sakafu, tak, tak, mpaka benchi la tatu upande wa kushoto. Binamu yangu alikuwa amekaa pale. Akamwambia asogee. Alipokaa alitazama mtungi wa maua muda mrefu, mabega yakaanza kutikisika, na nilidhani analia mpaka nilipofika karibu.

"Miaka thelathini na moja," aliniambia huku anajifuta macho, "nimekaa na jambazi."

Tulipofika nyumbani Shangazi alisimama mbele ya ukuta wa jikoni uliobaki mtupu, na duara kumi na moja za kutu sakafuni. Alisema watu wengi walimfuata nje, na kila mmoja alitaka kumsimulia habari za mama yake, na hakuna aliyetaja wasifu. Kisha akaniuliza kama kwake, kule mjini, Bibi aliwahi kukata kitu. Nikamwambia, lile ua la mkia wa mamba la kwenye veranda. Kopo lilikuwa chini ya kitanda, halikuwa na kibao, kwa sababu Bibi alisema mali ya mtoto si wizi. Shangazi alikwenda kulitazama, akakaa nalo kitandani mpaka chai ikapoa.

Wiki iliyofuata, Jumatano, Bibi Mwavuli alikuja kunitembelea. Tulikaa mlangoni, karibu na mwaridi, akanisimulia visa vya Bibi nisivyovijua, vingine havifai hapa. Niliingia ndani kuchemsha chai. Nilipotoka alikuwa ameshasimama, ana haraka, chai hataki, anasema jua linazama, na jua lilikuwa juu ya kichwa. Mwavuli wake ulikuwa umefungwa, jambo ambalo sijawahi kuliona nje mchana.

Alifika langoni, akasita, akarudi. Akauinua mwavuli, akautikisa, na kutoka ndani kikaanguka kijiti chenye miiba, kimekatwa vibaya, na mtu asiyejua kazi.

"Sina mkono wa mambo haya," alisema. Alikuwa amepata haya kama mimi. "Nina kopo la maziwa nyumbani. Dirishani panapata jua. Niandikie kibao."

Nikaleta kipande cha ndoo na kalamu. Nikamuuliza niandike jina la nani.

"La mwenyewe. Si ndivyo inavyofanywa? Lako."

Nikamwambia mwaridi ni wake, nimesema kanisani, watu wote wamesikia.

"Ulikuwa wangu. Nikatoa. Cha kutoa hakirudishwi," alisema Bibi Mwavuli. "Ndiyo maana imebidi niibe."

Nilipiga goti kwenye ngazi, nikaandika jina langu, lote, lile la ubatizo, taratibu ili wino usichafuke. Alisimama nyuma yangu akikagua herufi. Nilipomaliza alikichukua kibao, akakipuliza kikauke, akaniuliza kama kuna jambo lolote ninalotaka aniombee asubuhi.

Nikafikiri. Nikamwambia kifua, wakati wa baridi. Na sauti.

Akasema kifua ataomba. Sauti aliona inatosha.